Tumeshinda

Shomvi, kinyozi wa Keko Machungwa, mashine mkononi,
alikata shauri kabla ya kukata nywele:
hakuna mji wenye mashabiki wa bahati kama huu.
"Kombe likilala Msimbazi, limelala Dar.
Likilala Jangwani, limelala Dar.
Waulizeni wa mikoani,
wao hulipokea kombe kama mgeni wa msiba:
anakula, anaaga, huna uhakika wa kumwona tena."

Mteja aliyefungwa shuka shingoni akajibu kupitia kioo:
"Basi ni huu huu wenye nuksi.
Siku ya watani nusu ya mji hailali kwa furaha,
nusu haili. Mke anapakua, mume anageukia ukuta.
Nitajie mji mwingine unaojifunga wenyewe
na kujishangilia papo hapo."

Baba alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu,
akacheka peke yake, kicheko cha mtembea kwa miguu
aliyeulizwa njia na watu wenye gari.

Kwa sababu baba yangu, Kibwana Mwinshehe,
fundi friji, mwenye kidole kimoja kisichokunjika,
hakuwa wa huku wala wa kule.
Alikuwa wa Karakana.

Huijui. Ndiyo maana yake.
Timu ya daraja la mwisho, chini yake ni kulala.
Kiwanja cha mchanga nyuma ya maghala ya Chang'ombe,
goli moja lina nyavu, jingine lina nia.
Golikipa ni mpishi wa shule; mechi ikichelewa kuisha
anaacha lango, anakwenda kuinjika maharage.
Misimu minne sikumsikia baba akisema "tumeshinda".
Alisema "tulijitahidi", alisema "refa",
msimu wa tatu akawa hasemi, anavua tu viatu mlangoni
na kuukung'uta mchanga, taratibu, kama anauhesabu.

Sasa Jumamosi moja, siku ya watani,
jiji zima limemiminika Taifa
au limebanana mbele ya runinga,
Karakana wakacheza mbele ya watu kumi na tisa
(baba aliwahesabu, pamoja na muuza maji)
na dakika ya themanini na nane
mpira ukamgonga beki wa wageni kisigino,
ukaingia kwenye lile goli lenye nia.

Akarudi kwa miguu. Mitaa mitupu kama saa ya swala ya Idi.
Ana neno mdomoni na hana wa kumpa.
Pale kona, mama wa mihogo yuko peke yake,
redio imekufa betri, kitambaa chekundu kichwani.
"Baba, vipi huko?"
"Tumeshinda."

Hakusema nani. Hakuulizwa.
Mama akarusha upawa, akamkumbatia na mafuta yake yote,
akafunga mihogo ya elfu mbili, pilipili juu, kachumbari juu,
"Pesa yako haina kazi leo!"
Na baba, Mungu amsamehe, akapokea.
Akapongezwa, akapigwa mgongoni, akala amesimama,
muhogo unamchoma ulimi, machozi yanamtoka,
na mpaka leo hatujui kama yalikuwa ya pilipili.

Wekundu walikuwa wamelala mbili bila.

Wiki nzima akawa anazungukia njia ya gereza.
Wiki ya pili akanituma mimi,
noti ya elfu mbili imekunjwa mara nne,
niseme samahani, niseme ni deni.
Mama akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
"Robo saa," akasema. "Robo saa nzima
hapakuwa na shabiki Dar aliyenizidi."
Akageuza mihogo.
"Mwambie Jumamosi apite tena. Aje adanganye."